Ukumbi Hukaguliwa Usiku

Kamati nyingi za harusi huenda kuangalia ukumbi siku ya kazi, saa nne au saa tano asubuhi, kwa kuwa ndio muda ambao meneja yupo na wajumbe wawili watatu wanaweza kuchomoka ofisini. Wanafunguliwa mlango, wanawashiwa taa, wanaonyeshwa jukwaa la maharusi, wanaambiwa unachukua watu 300, wanauliza bei na kuondoka wameridhika. Walichoona ni jengo tu. Sherehe itakuwa Jumamosi usiku, watu wamejaa, umeme umeelemewa, magari yamebanana getini na pengine mvua inanyesha. Ukumbi wowote, uwe wa harusi, wa kipaimara au wa mkutano wa chama, unapaswa kukaguliwa saa ileile utakayotumika, ukiwa na watu ndani, na kwa macho ya mgeni atakayekaa meza ya nyuma kabisa.

Tuanze na hiyo 300, maana ndiyo inayopoteza fedha nyingi za michango. Chukua ukumbi wa mita 20 kwa 15, yaani mita za mraba 300. Ukipanga viti kwa safu kama darasani, watu 300 wataenea. Lakini harusi ina jukwaa, meza kuu, keki, bufee pande mbili, mitambo ya muziki na uwanja wa kuchezea, na hivyo vyote hula mita za mraba 100 bila shida. Zinabaki 200. Mtu anayekula kwenye meza ya duara ya watu kumi, akiwa na nafasi ya kusogeza kiti na ya mhudumu kupita, anahitaji karibu mita ya mraba moja na nusu. Hapo tumebaki na wageni 130 hivi, wakati kamati imekwisha kugawa kadi 300, nyingine za watu wawili wawili! Kinachofuata kinajulikana: meza zinasogezwa mpaka ukutani, foleni ya chakula inapita katikati ya wanaocheza, na mama mkubwa aliyetoka Songea anakaa nyuma ya nguzo, akiwasikia maharusi bila kuwaona. Swali la kumuuliza meneja, kwa hiyo, ni meza ngapi zinaenea jukwaa na bufee vikiwa mahali pake, naye azipange mbele yenu.

Joto halionekani kabisa asubuhi. Mtu aliyekaa kimya hutoa joto la karibu wati 100, kwa hiyo wageni 300 ni kama pasi 30 za wati 1000 zimeachwa zinawaka ndani, kabla hata hawajaanza kucheza na kabla ya taa za video. Kiyoyozi kilichowapoza wajumbe watatu hakijathibitisha lolote. Sauti nayo ina hila zake. Mwaka 1895 mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Wallace Sabine, aliombwa atafute kwa nini mihadhara haisikiki katika ukumbi mmoja wa chuo hicho. Alikuta neno likitamkwa linabaki hewani zaidi ya sekunde tano, linagongana na yanayofuata. Usiku, mji ukiwa umetulia, alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akaipanga humo na kupima, akabaini kwamba mwangwi hutegemea ukubwa wa chumba na wingi wa vitu laini vinavyomeza sauti, miili ya watu ikiwamo. Ndiyo maana ukumbi mtupu hudanganya pande zote mbili. Wenye vigae, vioo na dari ngumu huvuma ukiwa wazi na hutulia kiasi ukijaa. Lakini ukijaa pia huleta maongezi na sahani, mshereheshaji anapandisha sauti, wageni nao wanapaza zaidi ili wasikilizane, na baba wa bibi harusi anatoa nasaha ambazo wa meza ya nyuma hawazisikii.

Kuna jambo zito kuliko starehe, nalo ni milango. Sikukuu ya Idd el-Fitr ya mwaka 2008, mjini Tabora, watoto wapatao 20 walikufa katika ukumbi wa disko uliofurika. Huko Boston, Marekani, tarehe 28 Novemba 1942, moto uliwaua watu 492 katika klabu ya Cocoanut Grove: mlango mkuu wa kuzunguka ulikwama, mingine ilikuwa imefungwa, mingine ikifunguka kwa ndani dhidi ya umati uliokuwa ukiisukuma. Hasira ya kamati zetu humwangukia mpambaji akichelewa, ilhali pazia lake jeupe ndilo mara nyingi linalofunika mlango wa dharura. Usukume mlango huo kwa mkono wako. Na mwenye funguo yuko wapi saa tano za usiku?

Mtu atasema uwanja wa wazi hauna milango, basi twende huko. Mjini Moshi, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa kwa kukanyagana katika mkusanyiko wa ibada uliofanyika uwanjani, umati ulipokimbilia mahali pamoja. Turubai nyumbani lina uzuri wake, na pwani shughuli nyingi hunoga mtaani kuliko ukumbini, ila wakati wa masika anayetegemea turubai ajue maji ya uwanja yanaelekea wapi.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la tarehe. Harusi husimama Kwaresima na Ramadhani, kwa hiyo Jumamosi nzuri ni chache, na anayesubiri kukagua usiku atakuta mwenzake amekwisha kulipa kianzio. Ni kweli, lakini wajumbe wa kamati hualikwa kwenye sherehe za wengine karibu kila mwezi. Wakati huo ndio wa kukagua, bure, ukiwa na sahani mkononi. Wapenda heshima nao wana lao: jina la ukumbi mkubwa kama Mlimani City au Diamond Jubilee kwenye kadi linaongeza michango. Huenda. Ila michango hutolewa kwa sababu ya undugu na deni la kuchangiwa, na mgeni hakai juu ya jina.

Meneja aulizwe pia kama, umeme ukikatika, jenereta inaendesha viyoyozi au taa na muziki tu, na jibu liandikwe kwenye mkataba. Halafu kurudi nyumbani. Kadi inasema saa 12 jioni, maharusi wanaingia saa 2 au saa 3 usiku, na mgeni wa Mbagala aliyealikwa Mbezi Beach, upande wa pili wa jiji, anaanza kuangalia simu chakula kikiwa hakijafunguliwa. Ukumbi huchaguliwa na wenye magari. Kamati yenye fedha za maua inaweza kukodi basi dogo la kuwarudisha wasio na usafiri. Ikishindwa, na ikiwa wageni wengi wanatoka Mbagala, itafute ukumbi Mbagala.