Nguruwe Wasile Mpunga, Upweke Usile Ndoa

Kama unaishi Mlabani au popote Ifakara, hadithi hii unaijua. Mna kazi mjini na ekari mbili tatu za mpunga bondeni. Mpunga ukishabeba, swali ni moja: nani analala shambani kulinda nguruwe pori? Mmoja akikaa huko wiki tatu, simu haishiki, aliyebaki nyumbani anaanza kuwaza mengine. Si mchezo!

Mimi na mume wangu tulipanga hivi: Ijumaa hadi Jumapili tunalinda wote, siku nyingine tunamlipa kijana. Ugomvi ukabaki kwenye vifaa. Yeye alitaka bunduki. Nikamwambia, “Baba watoto, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haikuruhusu kuwinda bila kibali. Halafu gizani utajuaje kama ni nguruwe au jirani anakatiza majaruba?” Akanyamaza. Tukakubaliana: tochi kubwa na debe la kupiga.

Ila tochi ukiishika usiku kucha, mkono unakufa ganzi. Hapo ndipo stendi ya miguu mitatu inapoingia. Wawindaji wa Marekani huegemeza bunduki juu yake wakivizia nguruwe usiku. Sisi tunafunga tochi. Kwa nini mitatu? Waulize bibi zetu: mafiga ni matatu, na chungu hakiyumbi hata kama ardhi haijakaa sawa.

Ukienda kuchagua, angalia haya:

Urefu. Kama mnalindia chini, mwanga upite juu ya mpunga. Kama mko kwenye dungu, stendi ifike usawa wa macho ukiwa umekaa.

Nyayo. Ardhi yetu ni tope, miguu yenye ncha inazama. Chukua yenye nyayo pana, au funga vipande vya ubao chini.

Kichwa. Kigeuke kwa mkono mmoja na kukaza vizuri, ili mkono wa pili ubaki na debe.

Uzito. Kila mmoja wenu aweze kuibeba peke yake. Zamu ni ya wote, bwana!

Msisahau chandarua juu ya dungu. Watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara wameandika jinsi familia zinazohamia mashambani msimu wa mpunga zinavyoumwa na mbu. Na mkimulika mkaona kiboko, msishuke. Mpunga unapandwa tena, mtu hapandwi.

Sisi tumegundua kitu kingine: kule kwenye dungu hakuna televisheni wala wageni. Mambo tuliyokuwa tunayakwepa nyumbani, ada, wakwe, mtoto wa pili, tumeyamaliza huko, huku mmoja akigeuza tochi na mwingine akipiga debe.

Kwa hiyo kaeni mapema, pangeni zamu kwenye kalenda, halafu ndiyo mwende dukani. Kazi kwenu!