UZI: Triga, kidole na lile neno "otomatiki" tunalolitupa ovyo

Haya wadau, uzi niliowaahidi ndio huu. Ni mrefu kiasi, wenye haraka wauhifadhi wasome jioni. Kanuni ya hapa mnaijua: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Ukija kwenye majibu na jina la mheshimiwa wako nitakufungia tu, tusilaumiane.

Kilichonisukuma ni ule mjadala wa wiki jana. Mtu aliweka picha ya bunduki nyeusi na kuandika, "Raia wanamiliki otomatiki, serikali iko wapi?" Ndani ya saa moja kambi zikawa mbili. Hawa wanasema ni silaha ya vita. Wale wanasema ni ya michezo, imewekwa triga nyepesi tu. Wote walikuwa wanatumia maneno ya Wamarekani, na wote waliyatumia vibaya.

Siwacheki. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo miaka michache iliyopita, na kuna mtu alilipia.

Nilimwona mzee mmoja mtaani kwetu akitoa bunduki kwenye buti la gari. Nyeusi, kitako cha plastiki, darubini juu. Nikapiga picha nikaandika "otomatiki mtaani, watoto wanacheza hapo hapo". Ikasambaa. Polisi walifika kwake siku hiyo hiyo jioni na mzee akalala selo mara mbili, ingawa cheti chake kilikuwa sawa kabisa. Bunduki yenyewe ilikuwa ya komeo, ile ya kuvuta kwa mkono kila baada ya risasi moja. Yaani haikuwa hata nusu ya otomatiki. Rangi nyeusi na plastiki ndivyo vilivyonidanganya.

Nilienda kumwomba radhi. Alikuwa mwalimu mstaafu, na nilidhani atanifukuza. Aliniambia, "Kijana, kabla ya kuandika tena, njoo kwanza ushike." Jumamosi iliyofuata tukaenda kwenye uwanja wa shabaha, chini ya msimamizi, masikio yamezibwa.

Sasa tuingie kwenye triga, maana hapo ndipo ubishi wote ulipo.

Nilidhani triga ni kama swichi ya taa. Sivyo. Unapoweka kidole, kuna mwendo wa kwanza mlegevu usio na uzito, kama breki ya baiskeli kabla haijashika. Halafu unafika mahali kidole kinagonga kitu kigumu. Mwalimu anapaita ukutani. Ukiongeza nguvu kidogo tu pale ukutani, risasi inatoka, na kwenye triga nzuri hujui ni sekunde gani hasa itatoka. Kisha unalegeza kidole, na unahisi triga ikirudi mahali pake kwa mlio mdogo, tik. Bila ile tik, haiko tayari tena.

"Usivute," aliniambia mara kama kumi. "Bonyeza. Ukivuta, mtutu unakwenda na mkono wako."

Wachezaji wanapozungumzia triga nzuri, wanazungumzia hayo: ukuta ulio wazi, uzito usiobadilika, mwendo mfupi wa kurudi. Uzito hupimwa. Triga ya kawaida ya bunduki za kijeshi huhitaji nguvu ya kilo mbili na nusu kwenda juu. Kwenye biathlon, ule mchezo wa Olimpiki wa kuteleza kwenye theluji na kulenga shabaha, kanuni inataka isipungue nusu kilo. Nusu kilo tu! Na bunduki zile si hata nusu-otomatiki, kila risasi mchezaji anaiingiza kwa mkono.

Kwa hivyo tuelewane. Triga nyepesi inamsaidia mtu kulenga. Haigeuzi bunduki kuwa otomatiki. Anayesema "imewekwa triga nyepesi kwa hivyo ni silaha ya vita" amekosea. Lakini anayesema "ni triga tu, wacheni kelele" naye asishangilie mapema, kwa sababu kuna triga na triga.

Kuna aina tatu, nazisema haraka. Ya komeo: risasi moja, unavuta komeo, risasi nyingine. Nusu-otomatiki: bunduki inajipakia yenyewe baada ya kila risasi, lakini lazima uachilie triga, ile tik, ubonyeze upya. Otomatiki: unabonyeza na kushikilia, zinatoka mpaka uachilie ama ziishe. Ukiziangalia kwa nje, ya pili na ya tatu zinaweza kufanana kama mapacha.

Marekani, sheria ya 1934 iliweka mpaka hapo hapo kwenye triga. Silaha inayotoa zaidi ya risasi moja kwa tendo moja la triga inahesabiwa kuwa otomatiki. Na tangu Mei 1986 raia hawezi kusajiliwa mpya ya aina hiyo. Zinazomilikiwa na raia kihalali ni zile zilizokuwa zimesajiliwa kabla. Wale wanaoandika hapa kwamba "Amerika otomatiki inauzwa kama mkate" wapunguze.

Shida ilianza pale watu walipojiuliza: tendo moja la triga maana yake nini?

Oktoba 1, 2017, Las Vegas. Mtu mmoja akiwa kwenye dirisha la hoteli alifyatua risasi zaidi ya 1,000 kwa muda wa kama dakika kumi hivi kwenye umati wa tamasha la muziki. Waliuawa watu 58, na baadaye hesabu ikafika 60 kutokana na waliokufa kwa majeraha. Baadhi ya bunduki zake zilikuwa nusu-otomatiki zilizowekwa kitako kinachoteleza, kile wanachokiita bampu stoki. Bunduki inaporudi nyuma kwa kishindo na kusukumwa tena mbele, triga inagonga kidole kilichotulia, tena na tena. Ukisikiliza kwa masikio, ni otomatiki. Ukiangalia triga yenyewe, inarudi mahali pake kila mara. Tik, tik, tik, haraka mno.

Shirika la serikali linalosimamia silaha lilikuwa limesema mwaka 2010 kwamba kifaa cha namna hiyo si otomatiki. Baada ya Las Vegas likageuka, na mwishoni mwa 2018 likakipiga marufuku. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na Juni 14, 2024, majaji sita dhidi ya watatu wakasema shirika limevuka mipaka yake.

Someni hapa polepole, kwa sababu hukumu hii inatajwa vibaya kila siku. Majaji wengi waliangalia chuma: triga inaachiliwa na kubonyezwa upya kwa kila risasi, kwa hivyo kila risasi ina tendo lake. Majaji watatu waliangalia mtu: amebonyeza mara moja, akaendelea kusukuma bunduki mbele, risasi zinamiminika, basi hilo kwake ni tendo moja. Hakuna upande uliobisha jinsi kifaa kinavyofanya kazi. Walitofautiana kama neno "triga" kwenye sheria linamaanisha kipande cha chuma ama kidole cha binadamu.

Mahakama haikusema bunge la huko haliwezi kukataza vifaa hivyo. Ilisema maneno ya 1934 hayavifikii. Jaji mmoja wa upande ulioshinda aliandika waziwazi kwamba njia iliyo wazi ni bunge kubadilisha sheria. Na majimbo kadhaa yana marufuku yao wenyewe. Halafu zikaja triga ambazo mtambo wenyewe unazirudisha mbele kwa nguvu baada ya kila risasi. Ubishi ukawa ule ule, na Mei 2025 serikali ya huko ikamaliza kesi kwa makubaliano yaliyoruhusu ziendelee kuuzwa.

Mdau mmoja aliuliza: na mtu akikutwa na bunduki iliyogeuzwa na hajui? Swali zuri. Lilijibiwa na mahakama hiyo hiyo mwaka 1994, kesi ya Staples. Jamaa alikutwa na AR-15, ile ya kiraia, ambayo ndani ilikuwa imewekwa vipande vya ndugu yake wa kijeshi. Alijitetea kwamba mikononi mwake haijawahi kufyatua zaidi ya moja kwa mpigo. Adhabu ilikuwa hadi miaka 10. Majaji saba dhidi ya wawili walisema serikali lazima ithibitishe kwamba alijua sifa zinazoifanya silaha yake iwe otomatiki. Mimi naona walikuwa sahihi, ingawa najua wengi hapa mtanirukia.

Waingereza walikwenda njia nyingine kabisa. Agosti 1987 mtu aliua watu 16 katika mji wa Hungerford. Mwaka 1988 wakapiga marufuku karibu bunduki zote ndefu zenye mtutu wa mifereji zinazojipakia, isipokuwa za risasi ndogo za .22 zinazotumika sana kwenye shabaha. Hawakuhangaika na tendo moja ama mawili. Ikijipakia, basi.

Na wakaongeza jambo ambalo wabishi wetu hawalijui: silaha iliyowahi kuwa ya marufuku inabaki ya marufuku hata ukiibadilisha. Huwezi kuifanyia fundi iwe ya komeo halafu uiite ya michezo. Wachezaji wakaanza kununua zilizotengenezwa tangu mwanzo bila kujipakia, umbo lile lile jeusi, lakini unavuta komeo kwa mkono.

Mafundi nao hawalali. Ikaja bunduki inayotoa ganda yenyewe halafu komeo linakwama nyuma. Unabonyeza triga ili komeo lirudi mbele, unabonyeza tena risasi itoke. Mibonyezo miwili kwa risasi moja! Kwa kipimo cha Marekani hiyo iko mbali kabisa na otomatiki. Uingereza iliipiga marufuku kwa sheria ya 2019, hoja ikiwa inafyatua haraka kupita kiasi kwa kitu kinachodai hakijipakii. Mnaona sasa? Bunduki moja, nchi mbili, majibu mawili, kwa sababu mmoja anahesabu mibonyezo na mwingine anahesabu kasi.

New Zealand wao walikuwa wanatazama magazini. Leseni ya kawaida iliruhusu nusu-otomatiki yenye magazini ya hadi risasi 7. Ukichomeka kubwa zaidi, kisheria imegeuka aina nyingine inayotaka kibali maalumu. Lakini kuinunua hiyo magazini kubwa hakukuhitaji leseni yoyote. Machi 15, 2019, watu 51 waliuawa katika misikiti miwili ya Christchurch. Kabla ya wiki nne kuisha bunge lao lilipiga kura 119 kwa 1 kupiga marufuku nusu-otomatiki nyingi. Pale kugeuza bunduki hakukuhitaji fundi wala bisibisi.

Tuje nyumbani, maana najua mtasema nimewapeleka safari ya ng'ambo bila nauli.

Kenya, Katiba ya 2010 haina kipengele cha haki ya kumiliki bunduki. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka cheti, na bodi ya leseni inaweza kukunyima. Uwindaji wa wanyama kwa burudani ulipigwa marufuku mwaka 1977. Kwa hivyo ile hoja ya "ni ya kuwindia tu", ambayo Marekani ina mizizi, hapa haina pa kusimama. Hapa "ya michezo" maana yake ni uwanja wa shabaha, na watu wa uwanja ni wachache.

Na kinachoniuma zaidi ni hiki. Bunduki zinazoua watu wetu kule Bonde la Kerio, Turkana, Samburu, nyingi ni za jamii ya AK. Hizo hazihitaji mtu azigeuze. Zimetoka kiwandani na kidude pembeni cha kuchagua moja moja ama mfululizo. Tunaweza kubishana mwezi mzima juu ya triga za Texas na hakuna mchungaji hata mmoja wa Baringo atakayelala vizuri zaidi. Kule maswali ni mengine: silaha zinapitia wapi, risasi zinatoka ghala la nani, mwenye kusalimisha bunduki yake atalindwa na nani jirani asiposalimisha.

Kwa hivyo akija mheshimiwa, wa upande wowote, akuahidi kupiga marufuku "silaha za kivita", muulize anapima kwa nini. Triga? Kujipakia? Magazini? Ama rangi nyeusi, kama mimi siku ile? Akijibu "zote", mwambie aandike sentensi moja ya sheria usome.

Majibu yako wazi, ila ombi moja: msiniulize namna ya kugeuza. Sijui, sitaki kujua, na ukiuliza nakufungia.

Mwalimu aliusoma uzi huu kabla sijauweka. Alirekebisha mahali nilipoandika "kuvuta triga", akaweka "kubonyeza". Nilimwomba picha ya mkono wake tu, bila sura, niiweke hapa juu. Alikataa.