Jongo (2): Dawa Haikuwa Chooni

Jongo lilimwamsha mjomba wangu saa nane usiku. Alilala mzima kabisa, ametoka harusini alikokula pilau na mishikaki isiyohesabika. Akaota amekanyagwa mguu na mkokoteni wa mkaa. Alipofumbua macho, mkokoteni ulikuwa bado uko palepale, juu ya kidole gumba cha mguu wa kushoto. Asubuhi tulipokwenda kumjulia hali tulimkuta ameutoa mguu nje ya kitanda, kidole kimewiva kama nyanya, shuka imesukumwa mbali kwa sababu hata uzito wa kanga hakuuweza. Nikamwamkia, "Shikamoo mjomba." Akaitika "Marahaba" kwa meno yaliyobana, kisha akaniomba nisipitepite karibu na kitanda, eti naitikisa sakafu. Sakafu yenyewe ya saruji.

Mkazamjomba alikuwa ameshakoroga haluli. "Kunywa ikutoe uchafu," alimwambia mumewe. "Dawa isiyokukimbiza chooni ni dawa gani hiyo?" Mjomba akanywa, na ikamkimbiza. Choo kiko uani, mguu haukanyagiki. Yaliyofuata nayaacha.

Waliosoma sehemu ya kwanza wanakumbuka kilichokuwa ndani ya kidole kile. Asidi ya yuriki ni taka ambayo sehemu kubwa yake hutoka na mkojo. Ikizidi kwenye damu huganda kuwa fuwele zenye ncha kama sindano, nazo hupenda viungo vilivyo mbali na joto la mwili, hasa kidole gumba cha mguu. Tulimwona pia Kaizari Charles wa Tano, ambaye kipande cha mfupa wa kidole chake, kilichotunzwa Hispania kwa karne nyingi, kilichunguzwa na matokeo yakatangazwa mwaka 2006: fuwele zimejaa tele. Leo tunaingia kwenye dawa, na naanza kwa kumtetea mkazamjomba. Mimi ni mfamasia, nimestaafu, na katika kusoma kwangu nimegundua kwamba nyuma ya kikombe chake cha haluli wamepanga foleni matabibu wakubwa wa karne nyingi.

Wagiriki waliuita ugonjwa huu podagra, yaani mtego wa mguu. Kwa mafundisho yao mwili una majimaji manne: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Moja likizidi, linatafuta pa kwenda. Katika Zama za Kati za Ulaya watu wakasema linachuruzika mpaka kwenye kiungo tone kwa tone, na kutokana na neno la Kilatini la tone, gutta, likazaliwa jina gauti tunalolisikia hospitalini. Mtu akishaamini kwamba kidole kimejaa majimaji mabaya, tiba haihitaji kufikiriwa sana: yafungulie njia ya chini yatoke.

Na kulikuwa na dawa iliyoitii imani hiyo kikamilifu. Ni ua la zambarau hafifu linalochanua vuli bila jani hata moja, limesimama peke yake kwenye majani ya malisho. Wanasayansi huliita Colchicum autumnale, kutokana na Kolkisi, nchi ya kale iliyokuwa pwani ya Bahari Nyeusi, mahali ambapo sasa ni Jojia. Katika hadithi za Wagiriki hiyo ndiyo nchi ya Medea, mwanamke aliyezijua sumu zote, kwa hiyo hata jina lenyewe lilikuwa onyo. Dioscorides, katika karne ya kwanza, aliliandika kama sumu ya kuua.

Aliyethubutu kuitumia jamii ya mmea huo kwa jongo, kwa maandishi tuliyonayo, ni Alexander wa Tralles, mji uliokuwa katika Uturuki ya leo. Aliishi karne ya sita, na kaka yake Anthemius ni mmoja wa wasanifu wa Hagia Sophia. Kiazi cha mmea huo kikikauka kiliitwa kidole cha Hermes. Alexander aliona kwamba kinatuliza maumivu upesi, na aliona pia kwamba kinaliumiza tumbo. Matabibu wa Kiarabu wakakipokea kwa jina la surinjani, na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikiweka katika Kanuni yake miongoni mwa dawa za viungo. Jongo wao waliliita nakrisi.

Sasa angalia mambo yalivyojipanga. Mgonjwa anakunywa surinjani. Anaharisha vibaya. Kesho yake kidole kimepoa. Nani angethubutu kusema kwamba mambo hayo mawili hayahusiani?

Hakuna aliyethubutu. Na aliyekuja kuikataa dawa hiyo aliikataa kwa sababu hiyohiyo iliyowafanya wengine waipende. Huyu ni Thomas Sydenham, Mwingereza aliyezaliwa 1624, aliyepigana upande wa Bunge katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kabla ya kuwa daktari mashuhuri wa London. Jongo lilimtesa yeye mwenyewe kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 1683 alichapisha kitabu juu yake, na maelezo yake ya usiku wa kwanza hayajapata mpinzani hadi leo. Mgonjwa, anasema, analala akiwa na afya. Kama saa nane usiku anaamshwa na maumivu ya kidole gumba. Hawezi kuvumilia uzito wa nguo za kitandani wala mtikisiko wa mtu anayetembea chumbani. Nilipoyasoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Mjomba hajapata kumsikia Sydenham, lakini sakafu yao ni moja.

Sydenham alijaribu kuharishwa na akaona kunachokoza mashambulizi badala ya kuyazima. Akakataa haluli za kila aina, akashauri chakula kidogo, kulala mapema, pombe hafifu badala ya divai kali, na afyuni maumivu yakizidi. Kwa mgonjwa wa siku ile ulikuwa ushauri wa mtu mwema. Lakini kwa kuwa surinjani ilihesabiwa miongoni mwa dawa za kuharisha, ilitupwa pamoja nazo, na heshima ya Sydenham ilikuwa kubwa kiasi kwamba madaktari wa Uingereza waliiacha kwa zaidi ya miaka mia moja. Alijifariji, masikini, kwa kuandika kwamba jongo huwaua matajiri wengi kuliko maskini na wenye hekima wengi kuliko wajinga. Nadhani kila mgonjwa wa jongo anaruhusiwa kujidanganya kidogo.

Pengo hilo lilijazwa na kila aina ya vituko. Balozi Sir William Temple, akiwa Nijmegen kwenye mazungumzo ya amani mwaka 1677, alishikwa na jongo, akasikia habari ya dawa ya Mashariki iitwayo moksa: majani makavu ya mmea yanayofinyangwa kama kijipira, yanawekwa juu ya ngozi palepale panapouma na kuwashwa moto. Balozi alichomwa mara tatu. Akaandika insha kusifu matokeo yake, na siwezi kumbishia. Mtu aliyechomwa moto mguuni ana haki ya kusahau maumivu mengine.

Unga wa Mtawala wa Portland ulikuwa mbaya zaidi, kwa sababu haukuuma. Karne ya 18 ulisifiwa sana: mitishamba mitano iliyosagwa kwa vipimo sawa, inayonywewa kila siku kwa miezi mingi mfululizo. Mmoja wa mitano ni aristolokia. Leo tunajua kwamba aristolokia huziharibu figo na huleta saratani ya njia ya mkojo. Na figo ndiyo njia kuu ya kutolea asidi ya yuriki. Wagonjwa walikuwa wakiziba mlango ambao adui angetokea.

Ua la vuli lilirudi kwa mlango wa uani. Mwaka 1763, mjini Vienna, daktari Anton von Störck aliionja sumu hiyo kwa ulimi wake mwenyewe kabla ya kuwapa wagonjwa, lakini alikuwa akitafuta dawa ya kuvimba kwa maji, hakuwa na habari na jongo. Baadaye kidogo Mfaransa mmoja, ofisa wa jeshi aitwaye Nicolas Husson, akaanza kuuza maji yake ya dawa kwenye chupa. Kilichokuwamo hakusema. Alidai yanatibu magonjwa mengi, kama wauzaji wa chupa wanavyodai hadi leo, ila kwa jongo hayakuwa uongo. Sir Joseph Banks, rais wa chama cha wanasayansi cha Uingereza, aliyekuwa akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu kwa ajili ya jongo, aliyatumia na kupata nafuu. Fikiria aibu ya madaktari: mgonjwa msomi kuliko wote nchini anaponywa na chupa ya mchuuzi.

Mwaka 1814 daktari mpasuaji wa London kwa jina Want alitangaza kuwa siri imefichuka. Ndani ya chupa ya Husson mlikuwa na Colchicum, dawa ileile ya Alexander. Mwaka 1820 Wafaransa Pelletier na Caventou, katika mwaka uleule walioipata kwinini kutoka kwenye gome la mti, wakaitoa pia kiini cha ua hilo, ambacho leo tunakiita kolchisini. Kisha mwaka 1848 Alfred Garrod akaonesha asidi ya yuriki ndani ya damu ya wagonjwa wa jongo. Baadaye akabuni kipimo ambacho mtu angeweza kukifanya jikoni: alimimina majimaji ya damu kwenye kisahani, akatia asidi kidogo, akalaza uzi wa kitani ndani yake na kusubiri. Uzi ulitoka umevaa fuwele, kama kamba iliyoachwa kwenye maji ya chumvi. Balghamu ikafa siku hiyo.

Ungetazamia kwamba na kuharisha kungekufa nayo. Wapi! Vizazi vya madaktari viliendelea kufundishwa kumpa mgonjwa kidonge cha kolchisini kila saa, au kila saa mbili, mpaka maumivu yaishe au tumbo lichafuke. Hata mimi nilifundishwa hivyo, na nilitoa dawa hivyo. Tumbo likichafuka tulijua kwamba dozi imetimia.

Ukweli ni kwamba kolchisini haifukuzi kitu mwilini. Fuwele zinapotua kwenye kiungo, chembe nyeupe za damu huzivamia kwa wingi, na moto tunaouona ni wa vita hivyo. Ndani ya chembe kuna nyuzi nyembamba mno zinazoipa umbo na kuiwezesha kutembea. Kolchisini huzuia nyuzi hizo zisijengeke. Askari wanakwama njiani, vita vinapoa. Lakini nyuzi hizohizo zinahitajika chembe inapojigawa, na ngozi ya ndani ya utumbo ni miongoni mwa sehemu zinazojigawa upesi kuliko zote. Kwa hiyo tumbo ndilo linaloumia kwanza. Kuharisha ni king'ora cha sumu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulilipima jambo hili waziwazi. Kundi moja lilipewa miligramu 4.8 kwa muda wa saa sita, jingine miligramu 1.8 kwa saa moja tu. Nafuu ya maumivu ilikaribiana. Walioharisha walikuwa zaidi ya robo tatu kwenye dozi kubwa, na chini ya robo kwenye dozi ndogo. Tangu Alexander mpaka hapo ni karibu miaka 1,450.

Usinielewe vibaya: dozi ndogo nayo inatolewa na daktari. Umbali kati ya kolchisini inayotibu na inayoua ni mfupi, dawa ya kuitengua hospitali hazina, na mwenye figo dhaifu au anayetumia baadhi ya antibiotiki, klarithromaisini ikiwemo, yuko hatarini hata kwa kiasi cha kawaida.

Nasisitiza kwa sababu dawa hii tunayo vichakani. Colchicum haioti kwetu, lakini mkalamu unaota: mmea unaotambaa, ncha za majani yake zikijisokota na kushika chochote kilicho jirani, maua yake mekundu yenye kingo za njano yamegeuka juu kama ndimi za moto. Nao una kolchisini, hasa kwenye mizizi na mbegu. India wakulima wa Tamil Nadu huulima na kuuza mbegu zake kwa viwanda vya dawa. Sri Lanka watu wamekufa kwa kula mizizi yake wakidhani ni viazi vitamu.

Mkalamu mmoja ulikuwa umepanda ua wa makuti nyumbani kwa mjomba, njiani kwenda chooni. Siku niliyomsimulia habari hizi aliutazama kwa muda mrefu, akaniuliza kama mtu akichimba kipande kidogo tu, cha ukubwa wa kucha. Nikamwambia hapana. Akanyamaza, lakini macho hakuyaondoa pale. Kabla ya magharibi mkazamjomba alichukua jembe akaung'oa, mzizi na shina, akauchoma moto nyuma ya nyumba.

(Itaendelea wiki ijayo: alopurinoli, dawa iliyokusudiwa saratani ya damu.)