Kambale Wagombanao Katika Tangi Moja



Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya samaki, lakini si samaki wa chunguni. Nataka kuwaelezeni habari za kambale afugwaye nyumbani katika tangi la kioo: kwa nini wawili au watatu wakiwekwa pamoja hugombana hata kuuana, na mfugaji afanye nini ili wakae kwa amani.

Kambale ni mwenyeji katika nchi yetu. Wakazi wa Kibaha wamjua sana, maana yumo katika mto Ruvu na katika madimbwi yaachwayo na mafuriko yake. Hana magamba, ana sharubu nane, na juu ya matamvua yake ana kiungo cha kuvutia hewa, hata aweza kuishi mahali ambapo samaki wengine hufa. Wanazuoni humwita Clarias gariepinus. Jina hilo alipewa na Burchell mwaka 1822, nalo latokana na Gariep, jina la wenyeji la mto Orange wa Afrika ya Kusini.

Mwaka mmoja niliwaagiza wanafunzi wangu wa ualimu watengeneze tangi la kioo kwa ajili ya somo la viumbe. Wakatia mchanga na maji safi, kisha wakatia kambale watatu: wawili wenye urefu wa kidole, na mmoja mkubwa kuliko hao. Hawakutia kitu kingine, maana walitaka kuwaona vizuri. Asubuhi ya siku ya tatu tulimkuta yule mkubwa ametulia pembeni, tumbo limemjaa. Mmoja wa wale wadogo alikuwa hana mkia, naye akafa kabla ya adhuhuri. Wa tatu hatukumwona tena. Wanafunzi wakasema, “Mwalimu, samaki huyu ana roho mbaya.” Nikawajibu, “La, nyumba tuliyompa ndiyo mbaya.”

Basi na tutazame makosa yetu moja moja, maana ndiyo makosa ya wafugaji wengi.

Kosa la kwanza lilikuwa kuchanganya wakubwa na wadogo. Vifaranga vya kambale hulana. Wakiwa wadogo sana, mmoja humshika mwenziwe kwa mkia na kumla mpaka kichwani. Baadaye, aliyewapita wenziwe kwa kimo humtanguliza mdogo kichwa na kummeza mzima. Tena, kila amlaye mwenziwe hukua upesi zaidi, na hivyo hupata nguvu za kula wengine. Kwa hiyo afugaye kambale hana budi kuwachagua mara kwa mara na kuwatenga kwa kimo. Mtu wa Kisarawe achimbaye bwawa na kutia vifaranga bila kuwachagua huenda siku ya kuvua akapata kambale wachache wanene, asijue wengine wamekwenda wapi. Hawakuibwa, wameliwa.

Kosa la pili lilikuwa njaa. Vifaranga vilishwapo kidogo kidogo mara nyingi, hugombana kidogo kuliko vingojavyo chakula kimoja cha jioni.

Kosa la tatu lilikuwa mwanga mwingi na kukosa maficho. Kambale ni samaki wa usiku. Mchana hupenda giza, na akiwekwa kweupe hutaabika na kuwa mkali. Waliochunguza jambo hili wameona ya kuwa vifaranga vilivyokuzwa gizani hukua vizuri zaidi na kupigana kidogo.

Kosa la nne litawashangaza. Tuliwaweka wachache mno. Kambale wakiwa wachache mahali pamoja, kila mmoja aweza kujitwalia pembe yake, akailinda na kumfukuza kila akaribiaye. Lakini wakiwa wengi, tena wa kimo kimoja, hakuna pembe iwezayo kulindwa. Amfukuzaye mmoja huingiliwa na wengine kumi. Basi huacha kupigana, wakakaa kundi moja. Ndiyo sababu wafugaji wa kambale huweza kuwaweka wengi pamoja katika mabwawa.

Je, tufanye hivyo katika tangi la nyumbani? Hapana. Kambale wetu hukua hata kupita mita moja, na wengi katika tangi dogo watayachafua maji upesi. Nyumbani yafaa kumweka kambale mmoja peke yake angali mdogo, au kuweka vifaranga vya kimo kimoja kwa majuma machache tu, kisha kuvihamishia bwawani.

Sasa, yuko kambale mwingine, aliye mgeni, ambaye hufugwa kwa pambo tu. Huyu ni pleko, atokaye katika mito ya Amerika ya Kusini. Mwili wake umefunikwa mabamba magumu kama ngao, na mdomo wake uko chini, wa kunyonyea na kukwangulia uchafu wa kijani juu ya mawe na magogo. Wafugaji wengi humnunua wakidhani ni mtumishi mpole wa kusafisha kioo. Kisha wanunua wa pili, na usiku wasikia vishindo ndani ya tangi.

Ugomvi wa pleko ni wa makao. Dume hutafuta pango, na katika jamii nyingi za pleko yeye ndiye alindaye mayai humo mpaka yaanguliwe. Asiye na pango hana jamaa. Kwa hiyo hupigania mlango wake kwa nguvu zote. Pleko wengi wakiwekwa pamoja hawatapatana kama kambale wetu, maana mapango hayaongezeki. Dawa yake ni kuongeza mapango.

Chukueni vifuu vya nazi, mvichemshe na kuvisafisha sana, mtoboe mlango mmoja katika kila kifuu. Vipande vya mianzi minene na vyungu vidogo visivyopakwa rangi vyafaa pia. Yawepo mapango kuliko samaki: samaki wawili, mapango matatu, samaki watatu, mapango manne au matano. Milango isitazamane. Kati ya pango na pango wekeni jiwe au gogo, ili mmoja atokapo asimwone mwenziwe. Gogo lina faida nyingine, kwani pleko wengi hulikwangua. Chakula, kama vipande vya tango au boga lililochemshwa, kiwekwe mahali pawili wakati wa usiku, ili mwenye nguvu asikizuie chote.

Angalieni pia ukubwa wa tangi. Tangi lenye urefu wa futi 3, upana wa futi 1 na kina cha inchi 15 huchukua zaidi kidogo ya madebe 5 ya maji. Humo tosha dume mmoja na jike mmoja wa pleko wadogo, wale wenye vishungi puani, ambao hawazidi sana inchi 5 au 6. Pleko wa kawaida hukua hata kupita futi moja. Huyo tangi hilo halimfai.

Neno la mwisho ndilo kubwa. Pleko akizidi tangi, msimtupe katika Ruvu wala katika kijito cho chote. Huko Mexico, katika bwawa la Infiernillo, pleko waliachwa wakazaliana, wakajaa katika nyavu za wavuvi na kuzirarua, na uvuvi wa perege ukaharibika. Penginepo huchimba kingo za mito ili wapate mapango, na kingo huporomoka. Ruvu unatupa samaki, tena ndio unaonywesha mji wa Dar es Salaam. Mpeni pleko wenu mfugaji mwenye tangi kubwa, au mrudisheni kwa muuzaji.

Methali yasema, fahali wawili hawakai zizi moja. Ni kweli. Lakini mfugaji ndiye ajengaye zizi, naye aweza kujenga mawili. Akishindwa kujenga la pili, asinunue fahali wa pili.