Chumvi ya Mombasa Inakula Hadi Injini: Hili Ndilo Koti Jembamba Linaloiokoa Turbini

Siku ukiwa Mombasa, shuka Mji wa Kale jioni. Pita kando ya Fort Jesus, tafuta mahali upepo wa bahari unapiga fiti, kaa na viazi karai zako. Alafu usiangalie bahari. Angalia vyuma.

Grili za madirisha zimevimba kutu. Bawaba za milango zinalia. Baiskeli ya juzi tu ishaanza madoa ya kahawia. Hiyo ni kazi ya chumvi, na hapo joto ni digrii kama 30 pekee.

Sasa jiulize, msee: chumvi hiyo hiyo ikiingia ndani ya mtambo wenye moto wa digrii 900, itafanya aje?

Jibu fupi: inakula chuma mbio kuliko kutu yoyote umewahi kuona. Na kinachoizuia ni koti la metali jembamba hivi kwamba ukilishika hata huwezi jua liko.

Turbini iko wapi hapa?

Kwanza tuelewane. Feni ya kwa keja inatumia stima kusukuma hewa. Turbini ni kinyume. Hewa moto inasukuma mapanga, shafti inazunguka, na hiyo nguvu inafanya kazi. Ukiiunganisha na jenereta, unapata stima.

Toka kisiwani kupitia Makupa, ufike upande wa Changamwe, utakuta Kipevu. Hapo kulikuwa na turbini mbili za gesi, kila moja megawati 30. Ya kwanza iliwashwa 1987, ya pili 1999. Usichanganye, "gesi" hapa si ya meko. Ni ile hewa moto inayotoka kwa moto wa mafuta ya taa. Baadaye KenGen ilizihamisha hadi Embakasi, Nairobi, kisha Muhoroni kule magharibi.

Kipevu ya leo bado iko na mitambo. Kipevu III ilianza 2011, megawati 120, na inatumia injini kubwa za dizeli zinazochoma mafuta mazito. Injini hizo ziko na turbo, na turbo nayo ni turbini, inasukumwa na moshi wa egzosi. Matatu yenye injini ya turbo iko na mdogo wake, na hako kadogo kanaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Ndege zinazotua Moi International pia ziko nazo, chini ya mabawa.

Kwa hivyo hii si story ya mainjinia peke yao.

Chumvi ikikutana na moto

Upepo wa bahari unabeba chumvi. Chujio za hewa zinashika nyingi, lakini si yote. Mafuta nayo yanaleta salfa. Vikikutana ndani ya moto, vinazaa chumvi mpya inayoitwa sodiamu salfeti.

Hii kitu inayeyuka ikifika digrii 884. Ikishayeyuka, inajipaka kwa mapanga kama nta ya mshumaa, alafu inaanza kuyeyusha ile ngozi nyembamba inayolinda chuma. Ngozi ikitoka, salfa inaingia ndani. Hapo ni ngori. Hata kwenye joto la chini, karibu digrii 700, kuna aina nyingine ya shambulio inayochimba mashimo madogo madogo.

Mafuta mazito yanaongeza adui wa tatu: vanadiamu. Majivu yake yanaweza kuyeyuka hata kabla ya digrii 700, na yanafanya ubaya ule ule kwa valvu za egzosi na kwa turbo.

Tuite kutu ya moto. Tofauti na kutu ya grili, hii haihitaji mvua.

Alafu kuna kusuguana. Vumbi linapita kwa kasi na kukwaruza. Shina la panga linatetemeka pale lilipochomekwa. Valvu ya egzosi inagonga kiti chake mamia ya mara kila dakika. Ungesema tuweke oili, lakini kwa joto hilo oili inaungua tu. Uso wa chuma lazima ujitetee wenyewe.

Koti ni tatu, kila moja na kazi yake

Koti la kwanza ni la kuziba. Umewahi kuuliza mbona sufuria ya alumini haipati kutu kama karai la chuma? Alumini ikiguswa na hewa inajifunika ngozi ngumu ya oksaidi. Ukiikwaruza, ngozi inamea tena. Mainjinia wamekopa hiyo tabia. Panga la turbini limeundwa kwa aloi ya nikeli, alafu linapakwa tabaka lenye alumini nyingi, mara nyingi pamoja na kromi. Tabaka hilo linatoa ngozi yake lenyewe, na ikichubuka linatoa nyingine. Kromi ndiyo inasaidia sana dhidi ya kutu ya moto.

Koti la pili ni la kuzuia joto. Hewa ndani ya turbini kubwa za kisasa inapita digrii 1,400, na aloi ya nikeli inaanza kuyeyuka karibu 1,300. Maze, chuma kinakaa ndani ya moto unaoweza kukiyeyusha! Kinaponea aje? Kinapulizwa hewa ya kupoza kutoka ndani kupitia vitundu, na nje kinavaa tabaka la zirkonia, jamaa wa vigae vya bafu. Unene wake ni kati ya milimita 0.1 na 0.3, kama nywele chache zikilaliana. Hako kadogo kanaweza kupunguzia chuma joto kwa zaidi ya digrii 100.

Koti la tatu ni gumu, la kuzuia kusagika. Hapa jina kubwa ni Stellite, aloi ya kobalti na kromi. Mmarekani Elwood Haynes aliipatia hataza mwaka 1907, na hadi leo inachomelewa kwa uso wa valvu za egzosi. Na kobalti inatoka wapi? Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, pande za Kolwezi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya mtaa.

Kuna pia karbaidi. Ya tangsteni ni ngumu sana, lakini ikipita digrii kama 500 inaanza kuharibika. Ya kromi si ngumu hivyo, ila inavumilia hadi karibu 850. Kwa hivyo ngumu zaidi si bora zaidi. Bora ni ile inayofaa joto la mahali pake.

Linapakwa aje?

Si kwa brashi. Kwanza chuma kinapigwa na changarawe kali hadi uso uwe mkwaruzo, ndio koti lishike. Alafu unga wa metali unapitishwa kwa plasma yenye joto la zaidi ya digrii 10,000, unayeyuka na kurushwa. Njia nyingine ni bunduki ya moto inayorusha chembe kwa kasi kuliko sauti, zinagonga chuma na kujibandika.

Ukiruka hatua ya kusafisha, koti linabanduka. Yeyote amewahi kupaka mabati rangi juu ya vumbi anajua hiyo stori.

Koti linakufa ili chuma kiishi

Hii ndiyo point yenyewe. Koti halidumu milele, na halikuundwa lidumu. Kila ngozi inapotoka na kumea tena, akiba ya alumini inapungua. Ni kama zinki kwa mabati, au vile vipande vya zinki vinavyofungwa kwa meli pale Kilindini: vinaliwa wao kwanza.

Ndio maana mafundi wanahesabu masaa na kuingiza kamera nyembamba ndani ya mtambo, kama ile ya hospitali. Koti likiisha, panga linatolewa, linavuliwa la zamani, linavalishwa jipya. Ukifanya hivyo mapema, chuma cha bei kinarudi kazini. Ukichelewa, kutu ya moto inafika kwa chuma chenyewe, panga linapasuka, na kipande kimoja kikiruka kinavunja yote yaliyo nyuma yake. Mtambo unalala. Stima yake inatafutwa kwingine, na mara nyingi hiyo ya kwingine ndiyo ghali. Mwisho wa siku, tokeni yako ndiyo inasikia.

Kwa vijana wa Tudor wanaosoma uhandisi pale Technical University of Mombasa, na wale wa Bandari Maritime Academy, hapa kuna kazi. Fundi wa jua kali anayechomelea meno ya tingatinga kwa vijiti vigumu tayari anajua wazo lenyewe. Kilichobaki ni vifaa, vipimo na nidhamu ya usafi.

Na kama uko na gari ya turbo, sikia hii. Badilisha chujio la hewa kwa wakati, usichelewe oili, na ukitoka safari ndefu acha injini ingurume polepole kama dakika moja au mbili kabla ya kuzima. Ukizima ghafla, oili inaungulia kwa shafti ya turbo na kuwa makaa.

Alafu ukirudi pale Mji wa Kale, gusa ile grili tena. Haikuwa mbaya tangu mwanzo. Rangi yake iliisha, na hakuna mtu aliyeirudishia.