Chimba Mzizi wa Lusani Uangalie

Mkulima mmoja mwenye ng'ombe wawili wa gredi alinipeleka shambani kwake akiwa amekasirika. Alinunua mbegu ya lusani kwa bei kali, akalima vizuri, akapanda kwa mistari. Mimea ilitoka vema, lakini ilipofika urefu wa kiganja ikadumaa na kuwa ya manjano. "Nimeuziwa mbegu mbaya," akasema.

Mbegu haikuwa mbaya. Tulichimbua mmea mmoja kwa jembe, tukaosha mizizi katika ndoo. Ilikuwa mitupu, haina hata kinundu kimoja.

Karibu sehemu nne katika tano za hewa ni naitrojeni, chakula kikubwa cha mimea, lakini hakuna mmea uwezao kuitumia vile ilivyo. Mimea ya jamii ya kunde husaidiwa na bakteria, vidudu visivyoonekana kwa macho, ambao huingia mizizini na kukaa ndani ya vinundu. Mmea huwapa sukari, nao huigeuza naitrojeni ya hewa kuwa chakula cha mmea. Wajerumani wawili, Hellriegel na Wilfarth, walilionyesha jambo hili mwaka 1886.

Wengi hukosea hapa: hudhani kwamba palipoota maharagwe, bakteria wa lusani wako pia. Sivyo. Lusani ina bakteria wake, na katika shamba ambalo halijapata kupandwa lusani huenda wasiwepo kabisa. Desmodiamu haichagui sana; hupokea bakteria wa kunde, ambao ni wengi katika udongo wetu.

Kwa hiyo yakupasa uwapeleke bakteria shambani pamoja na mbegu. Chuo Kikuu cha Nairobi, huko Kabete, kilitengeneza unga wa bakteria uitwao Biofix, ambao huuzwa kwa pakiti. Ukienda dukani taja kwamba unataka ule wa lusani, na utazame tarehe ya mwisho. Bakteria ni viumbe hai, na pakiti iliyokaa juani dirishani mwa duka ni pakiti ya maiti.

Lowesha mbegu kidogo kwa maji yenye gundi, kisha tia unga kwa kipimo kilichoandikwa, ukoroge polepole mpaka kila mbegu ipakwe. Fanya kazi hii kivulini. Panda siku ile ile katika udongo wenye unyevu na ufukie mara moja. Usichanganye mbegu hizo na mbolea ya dukani, wala usitumie mbegu iliyopakwa dawa ya kuua ukungu.

Udongo mchachu huwashinda bakteria hawa, na lusani yenyewe haiupendi. Pima udongo kwanza. Ukiwa mchachu, tia chokaa mapema. Mbolea ya fosfeti yafaa wakati wa kupanda. Ile ya naitrojeni usiizidishe, kwani mmea ukishibishwa hauhangaiki kujenga vinundu.

Baada ya wiki sita au nane, chimba. Usivute, maana vinundu vitabaki udongoni. Pasua kimoja kwa ukucha: kikiwa chekundu au waridi ndani, kinafanya kazi, kikiwa cha kijani au kijivu, hakisaidii. Usidanganywe na uvimbe wa minyoo ya mizizi. Huo ni mzizi wenyewe uliovimba, haubanduki, bali kinundu hukaa kando na hubanduka upesi.

Ukikata lusani yote na kuipeleka zizini, rudisha samadi shambani, la sivyo unauhamisha utajiri wa udongo wako. Na majani yaache yanyauke kidogo kabla ya kuwapa ng'ombe. Mabichi mengi huwavimbisha tumbo, na huweza kuwaua.

Mkulima yule alipanda tena baada ya kutia chokaa. Mstari mmoja aliupanda bila unga, kwa kuwa hakuniamini sana. Mstari huo ungali wa manjano, naye huwaonyesha majirani.