Motokari ya ibridi na plaketi za freni: tusinunue lufu kwa dola 15



Mara mingi tunawaandikia juu ya mushahara, kontra na vifaa vya kujikinga ku kazi. Leo tunazungumuza juu ya kintu kidogo chenye kinaingia mu kiganja cha mukono: plaketi ya freni. Mutatuuliza: sendika inatafuta nini mu garaji? Musome kwanza.

Ndugu yetu mumoja, mwenye tulitumika naye miaka 18 mu kariyeri, alipata dekonti yake ya mwisho na akanunua motokari ya okazio, Lexus RX 400h. Ile ni motokari ya watu wakubwa. Lakini ikiisha kuzeeka bei yake inashuka, ju watu wanaogopa betri yake kubwa. Ndugu yetu alijiambia: nitabebesha watu kati ya Kolwezi na Lubumbashi, kilometa karibu 300, na watoto watasoma.

Siku moja freni za mbele zikaanza kulia. Akaenda ku soko, akakuta plaketi za dola 60 na za dola 15. Muuzaji akamwambia: "Papa, yote ni plaketi tu, utalipa bule." Akachukua za dola 15.

Kisha siku ine, mu mutelemuko wa karibu na Likasi, akiwa na abiria wane, alikanyaga freni na motokari haikusimama. Pedali ilikuwa nguvu chini ya muguu, lakini mbio haikupunguka. Harufu ya kuungua ikaingia ndani. Mbele yake kulikuwa kamyo imebeba kobalti, inaenda pole pole. Akageuza usukani, akaingia mu nyasi. Tunamushukuru Mungu, hakuna mwenye alikufa. Lakini bibi ya mufanyakazi mwenzetu, mwenye alikuwa anatoka kumupeleka mutoto ku hospitali, alivunjika mukono.

Tulienda kuangalia ile motokari pamoja na fundi mwenye anajua ibridi. Yenye tuliona njo tunawaandikia hapa.

Ibridi inasimama namna gani?

Ninyi wenye munaendesha zile kamyo kubwa za mine zenye moteri za umeme mu magurudumu, munajua tayari nusu ya jibu. Wakati kamyo inashuka, magurudumu yanazungusha moteri ya umeme, na ile moteri inavuta mbio nyuma. Umeme wenye unatoka mule unatupwa sawa moto mu hewa. RX 400h inafanya vilevile, lakini haitupi ule umeme: inauweka mu betri. Njo maana inakunywa esanse kidogo. Ukikanyaga pedali pole pole, komputa inaangalia: moteri ya umeme inaweza kusimamisha kiasi gani? Yenye inabakia, plaketi zinafanya.

Kwa hiyo plaketi za ibridi zinaweza kukaa miaka mingi kuliko za motokari ya kawaida. Lakini kuko saa zenye plaketi zinabeba kazi yote peke yake. Ukikanyaga kwa nguvu ju mutoto ametoka mu barabara. Mutelemuko ukiwa murefu na betri ikajaa, haina tena fasi ya kuweka umeme. Mbio ikibakia kidogo sana, karibu kusimama. Na saa ya ine: shofere akiweka vitesi kwa N.

Hapa tusimame. Mashofere wetu wengi wana desturi ya kuweka N mu mutelemuko ili kuchunga esanse. Mu motokari yoyote ni hatari. Mu ibridi ni hatari mara mbili, ju kwa N moteri ya umeme haivute tena kitu, na hata esanse hauichunge, ju betri haipate umeme. Ndugu yetu alikuwa kwa N. Motokari ya tani karibu 2, pamoja na watu 5 na mizigo, ilikuwa imelala yote juu ya plaketi za dola 15. Mu mutelemuko acha D, ao weka B, ile alama yenye iko ku vitesi ya RX 400h kwa kazi hiyo.

Plaketi inaharibika kwa kulala

Wakati tulifungua magurudumu ya nyuma, tulishangaa. Plaketi za nyuma zilikuwa bado nene, lakini moja ilikuwa imeshikamana na chuma chake kwa kutu, na misumari yenye etriye inatelezea juu yake ilikuwa imekauka. Upande mumoja ulikuwa unafanya kazi, upande mwingine umelala.

Njo ugonjwa wa ibridi. Freni inatumika kidogo, maji ya mvua na mavumbi ya barabara yanaingia, hakuna joto ya kukausha, kutu inakomea. Kwa hiyo usiseme: "Plaketi zangu bado nene, niko muzuri." Kila mara motokari inaingia mu garaji, uliza fundi atoe gurudumu na aangalie plaketi ya ndani na ya inje. Kama moja imeisha na ingine ni nzima, shida iko ku etriye. Ukibadirisha plaketi peke yake, shida itarudia.

Plaketi mupya iko na milimeta karibu 10 za ile kintu yenye inashika diski, bila kuhesabu chuma cha nyuma. Ikifika 3, nunua zingine. Badirisha magurudumu mawili ya musitari mumoja pamoja, kushoto na kuume. Usibadirishe moja tu, motokari itavuta upande.

Namna ya kuchagua

Kwanza, namba ya shasi. Usiseme tu "nataka plaketi za Lexus." RX ya esanse na RX ya ibridi ni motokari mbili mbali mbali. Tena, mingi zenye zinafika kwetu zinatoka Japani, zinashukia Dar es Salaam na kuingilia Kasumbalesa. Kule Japani ile RX 400h iliuzwa kwa jina la Toyota Harrier Hybrid. Muuzaji anaweza kukupa plaketi za Harrier ya esanse bila nia mubaya. Andika namba ya shasi ku karatasi (ibridi hizi mara mingi zinaandikwa MHU38), na ubebe plaketi ya zamani mu mufuko. Weka moja juu ya ingine: matundu, masikio, unene, yote ifanane.

Pili, namna ya plaketi. Kuko zenye vyuma mingi ndani. Zile zinashika muzuri zikiisha kupata moto, lakini zinakula diski na zinapiga kelele. Ibridi inaamuka asubui na freni baridi, na inabakia baridi karibu safari yote. Inaomba plaketi yenye inashika tangu muguso wa kwanza: ile ya seramiki, ao ile ya organiki yenye inafanana na ya kiwanda, bila amianti.

Tatu, herufi mbili. Ku plaketi mingi, pembeni ao ku mugongo, kuko herufi mbili sawa EE, FE, FF ao GG. Ya kwanza inaonyesha namna inashika ikiwa baridi, ya pili ikiwa na moto. E inashika kidogo, F inashika zaidi, G zaidi tena. Plaketi ya FE inapoteza nguvu wakati wa moto, ni kusema mu mutelemuko. Kwa motokari nzito yenye inabeba watu, tunashauri FF. Ku plaketi za Ulaya tafuta pia E ndani ya muviringo pamoja na maandishi 90R. Ile inaonyesha kama plaketi ilipimwa na nguvu yake haiko mbali na ya kiwanda.

Lakini wandugu, mutu mwenye anaiga plaketi anaweza kuiga herufi pia, na katoni pia. Kwa hiyo tumia macho na mikono. Plaketi za ndugu yetu zilikuwa na mipasuko, na moja ilikuwa imeachana na chuma chake sawa soli ya kiatu cha bei rahisi. Angalia kama inashikamana na chuma kila upande. Angalia rangi: isifiche kutu. Angalia kama maandishi yanafutika na kidole. Muuzaji akikataa ufungue katoni mbele ya kulipa, toka. Akikataa kukupa fakitire, toka vilevile. Ku mine hatukubali kofia yenye haina alama. Kwa nini tukubali freni yenye haina jina?

Fundi asiguse mbele ya kuzima

Freni za hii motokari zinaongozwa na komputa. Ukifungua tu mulango wa shofere, pompe yake inaweza kuamuka na kusukuma mafuta. Kama etriye imetolewa, pistoni inaweza kuruka na kufinya vidole vya fundi. Kwa hiyo: zima motokari, peleka funguo mbali, toa kamba ya betri ndogo ya volti 12, ngojea dakika chache, kisha anza. Kamba za rangi ya machungwa usiziguse hata kidogo: betri kubwa iko na volti 288, na mu moteri zinafika 650.

Misumari ya etriye ipakwe mafuta ya silikoni ya freni. Mafuta ya kawaida yanavimbisha mipira. Diski ipimwe, unene wa mwisho umeandikwa juu yake, pembeni ya neno MIN. Kisha, fasi tambarare yenye haina watu, fanya plaketi na diski zizoeane: mara 10 hivi, kutoka 50 mupaka 10 kwa saa, bila kusimama kabisa. Hapo tu, na hapo peke yake, N inasaidia, ju inalazimisha plaketi zitumike.

Mavumbi yenye tunajua

Yenye ilituumiza roho zaidi mu ile garaji ni kuona kijana wa miaka 15 anapuliza mavumbi ya freni na kompresa, bila maski. Plaketi zenye hazina jina zinaweza kuwa na amianti. Ufaransa iliikataza tangu 1997, Umoja wa Ulaya wote tangu 2005. Mavumbi yake yanaingia mu mapafu na kukaa, na ugonjwa unaweza kutokea kisha miaka 20 ao zaidi. Sisi wa mine tumezika wandugu wa silikozi, hatuhitaji mutu wa kutufundisha. Kanuni ni ile ya kutoboa jiwe: maji kwanza. Lowesha freni, pangusa na kitambaa chenye maji, kifunge mu mufuko, tupa. Na nguo za garaji zisichanganywe na za watoto. Mama mwenye anakungúta ovoroli anavuta mavumbi yaleyale.

Yenye tunaomba

Ndugu yetu hakuwa mutu mubaya. Alitaka kuchunga dola 45 kwa ajili ya masomo ya watoto. Leo amelipa hospitali ya yule mama, amelipa tole, na motokari iko imelala mu lupango. Hesabu mufanye ninyi.

Tunaomba wenye wananunua motokari za namna hii na dekonti yao waweke pembeni feza ya freni mbele ya kufikiri rangi na muziki. Kama muko watatu ao wane wenye RX, nunueni plaketi pamoja kwa muuzaji mumoja mwenye anatoa fakitire. Bei itashuka na mutajua nani wa kuuliza.

Na ninyi bamama, musione haya. Mbele ya kupanda, uliza shofere: "Papa, plaketi ulibadirisha lini?" Na mu mutelemuko, ukiona mukono wake unapeleka vitesi kwa N, sema. Ku mine, mufanyakazi iko na haki ya kukataa kushuka fasi yenye haina usalama. Ile haki haibakie ku mulango wa mine. Panda nayo mu motokari.